Mkono Uliokataa Kunyooka Saa Mbili Asubuhi

Shule niliishia darasa la tano. Wenzangu hapa Nachingwea wakisimulia walivyoacha shule hutaja ada, au njaa, au baba aliyewapeleka shambani. Mimi niliachishwa na mikono yangu mwenyewe.

Tulikuwa na mwalimu wa hesabu, kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka mikoa ya kaskazini, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Sheria yake ilikuwa moja: hujibu mpaka unyooshe mkono na yeye akuchague. Mimi siku za mnada nilikuwa nauza korosho za kukaanga, hesabu nilikuwa nazimaliza kichwani kabla yeye hajamaliza kuziandika ubaoni. Siku moja nikaropoka jibu. Lilikuwa sahihi. Akaniambia nisimame nitazame ukuta, mikono yote miwili juu, mpaka kengele. Kesho yake nikaropoka tena, makusudi, na tena nilipata. Kengele siku hiyo ilichelewa. Mabega yalitetemeka, darasa zima likacheka, naye akasema, "Asiyenyoosha mkono hana jibu." Siku ya tatu sikwenda, na sijakwenda mpaka leo.

Siku ile ya pili, nikiwa njiani kurudi nyumbani, nilijiapiza kwamba mtu yule nitamlipiza. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikujua nitamlipiza kwa kitu gani. Nilijua tu kwamba sina haraka.

Leo nina miaka hamsini na sita, na anayesema haya si mtu wa kuhurumiwa. Nilianza kwa kubeba magunia. Nikanunua baiskeli, baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa lori. Sasa malori ni mawili, mashine ya kukoboa na ya kusaga iko hapa kijijini kwetu, kata ya Naipingo, na nyumba yangu ina vigae mpaka jikoni. Wake za watumishi wa serikali huja kuvitazama wakijifanya wamekuja kuomba maji. Cheti sina. Wenye vyeti nimewaajiri wawili.

Mwalimu naye hakurudi kwao. Alioa huku, akamzika mkewe huku, akastaafu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu hatua chache kutoka kwenye mashine yangu. Nilifurahi sana alipochagua kiwanja kile. Kwa miaka mingi mashine nimeiwasha mapema kuliko kazi ilivyodai, ili jambo la kwanza analosikia akiamka liwe ni mimi.

Maumivu yalianza mwaka juzi, watu wakiwa wanavuna ufuta. Niliamka nikataka kugeuka kitandani nikashindwa. Mabega yote mawili, kwa mpigo, yaliniuma kama ya mtu aliyepakia magunia ya wilaya nzima. Baada ya siku chache yakashuka kwenye nyonga na mapaja. Kutoka kitandani ilibidi nijiviringishe kama pipa mpaka miguu iguse sakafu. Shati nilivalishwa na mke wangu, mkono mmoja kwanza, halafu tunapumzika, halafu wa pili. Choo nilichokijenga kwa fahari kilikuwa cha kuchuchumaa, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Kilichowachanganya watu ni kwamba ikifika saa tano, saa sita hivi, mwili ulianza kulegea wenyewe. Alasiri nilikuwa napanda juu ya lori kama kawaida yangu. Asubuhi mgonjwa, jioni mzima, nani atakuamini? Hata mimi nilianza kujishuku.

Mke wangu alisema ni baridi. Mwenye duka la dawa alisema ni baridi. Abiria niliyempa lifti, nisiyemjua hata jina, alinitazama nikihangaika na mkanda wa gari akasema, "Mzee, una baridi wewe." Huku kwetu mtu mzima akiumwa viungo jina ni hilohilo, na kwa kuwa ilikuwa mwezi wa sita na asubuhi zilikuwa na ubaridi kweli, neno lile lilipata ushahidi. Basi nikapigana na baridi. Nilinunua koti zito la mtumba lenye manyoya shingoni, nikalala na soksi, nikaacha maji ya kisima nikaogea ya moto. Nilichomwa sindano za maumivu, zikanipa nafuu ya siku moja moja. Mkanda wa suruali ukaingia matundu mawili. Nilikwenda hata Likunja kwa mtu wa mizizi, akanipapasa mabega akasema kuna mtu kanifunga mikono. Nilipomsikia tu, nikamwona mwalimu wangu mbele yangu, na shati lake la pasi.

Nilikuwa katika hali hiyo mkutano ulipofika. Kijiji chetu kina kisima cha pampu, na pampu ile ililetwa kutoka Lindi na lori langu, bure, na mafuta yangu. Kamati ya maji huchaguliwa upya kila mwaka baada ya ufuta. Uchaguzi ni wa kunyoosha mikono, na hufanyika saa mbili asubuhi ili watu wawahi shughuli zao. Mwenyekiti kwa miaka sita alikuwa mwalimu. Mwaka ule nikasema inatosha, pampu ni yangu kwa jasho, na kiti ni changu. Tukasimama wawili tu, mimi na yeye.

Mtendaji wa kijiji akaita wanaonitaka mimi. Mikono ikapanda. Mimi nami nikaupeleka wangu. Kiwiko kiliachana na ubavu, kikapanda kidogo, kikagoma hapo. Nilikaza meno. Nilijaribu kuusukuma kwa mkono wa pili, nao ulikuwa mfu vilevile. Mtendaji akapita na kidole chake akihesabu, akaniruka. Arobaini na moja. Akaita wanaomtaka mwalimu, na mwalimu mwenyewe, na miaka yake sabini na kitu, akaurusha mkono juu kama bendera. Arobaini na mbili.

Wangu ungenyooka tungekuwa sawa, na hesabu ingerudiwa. Nilikuwa bado naitafuta sauti ya kueleza hilo mwalimu aliposimama kushukuru. Akawaambia watu, "Mwenzetu huyu hata mwenyewe hajipigii kura." Wakaangua kicheko. Kisha akageuka akanitazama mimi peke yangu, akasema taratibu, "Asiyenyoosha mkono hana jibu."

Miaka yote ile nilidhani amenisahau. Kumbe sentensi ile alikuwa nayo, ameihifadhi.

Tangu siku ile nikapata jina kijijini: Hajanyoosha. Wanawake walileta mahindi mashineni wakaulizana, "Hajanyoosha yupo?" Walinyamaza waliponiona, lakini nilikuwa nimesikia. Niliumwa mabega na niliumwa jina, na jina halikuwa na nafuu ya saa sita mchana.

Nikaamua kwenda hospitali, na nikaamua kwenda Ruangwa. Nachingwea mjini sipiti hatua kumi bila kusalimiwa, na sikutaka mtu aone tajiri anapangwa foleni na koti la manyoya. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa pili. Nilimwambia nina baridi, aniandikie dawa kali. Hakuandika. Aliniuliza kama yanauma mabega yote mawili au moja. Asubuhi au jioni? Nikiamka, kukakamaa kunachukua muda gani kuisha? Nimepungua? Nilipomwambia kuhusu kuvalishwa shati, kalamu yake ikasimama. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali yale. Wote walikuwa na jibu tayari.

Alinipima malaria, kifua kikuu, sukari na mengine, akasema lazima aondoe hayo kwanza. Yote yakatoka safi. Kipimo kimoja tu kilikataa: damu huwekwa kwenye mrija mwembamba ikaachwa saa nzima, kuona chembe zake zinazama kwa kasi gani. Za kwangu zilizama kama jiwe kisimani.

"Baba, hii siyo baridi," alisema. "Huu ni moto."

Akanieleza. Mwili una kinga yake, walinzi wa kupambana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu waliovuka miaka hamsini, na zaidi sabini, walinzi hao huanza kushambulia mwili wao wenyewe, hasa pale mabegani na nyongani, na kwa nini huanza, alisema, hata wataalamu hawajajua sawasawa. Panawaka ndani, na kwa kuwa usiku umelala hujitikisi, asubuhi ndiyo unaamka umekakamaa. Nguvu ya msuli ipo, ila maumivu yameifungia. Jina la ugonjwa ni polimialjia na kipande kingine nyuma yake, refu kama lori lenye tela.

Mimi nililielewa hilo upesi kuliko wenye vyeti. Nina mbwa pale mashineni, mkali, nimemlea mwenyewe. Siku moja nilitoka safari nimevaa kofia mpya, akanirarua paja. Hakuwa mwizi wala adui, alikuwa mlinzi wangu, anafanya kazi yake vizuri sana kwa mtu asiyestahili. Nikamwambia daktari, "Kwa hiyo mbwa wangu mwenyewe." Akacheka, akasema ndiyo, na dawa hii itamtuliza mbwa.

Alinipa vidonge vya prednisoloni, vichache, vya asubuhi baada ya kula. Siku ya pili niliamka nikageuka kitandani. Nikageuka tena, upande wa pili, kwa starehe tu. Nikavaa shati mwenyewe nikatoka uani nikanyoosha mikono yote miwili juu, mke wangu akaacha kufagia akanitazama. Halafu nikaenda kuwasha mashine, mapema kuliko siku zote.

Daktari alikuwa amenionya mambo mawili. La kwanza, dawa hii ni ya mwaka, pengine miwili, inapunguzwa kidogo kidogo naye mwenyewe akiangalia. Nisijifanye nimepona nikaiacha ghafla, na sukari nipimwe. La pili alilisema ameniangalia usoni. Ugonjwa huu una ndugu yake anayekaa kwenye mishipa ya kichwa. Si wengi humpata, ila akija haongoji. Nikiumwa kichwa kwa namna ngeni, hapa kwenye panja, pembeni mwa jicho, au nikichana nywele nikasikia maumivu, au taya likachoka ninapotafuna, au jicho likaingia giza hata kwa dakika moja, nisilale nayo. Jicho likishakwenda halirudi.

Nikayaweka yote hayo kichwani, kama nilivyozoea kuweka hesabu. Kisha nikarudi kwenye kazi yangu ya kweli, ambayo ilikuwa mwalimu. Mkutano ujao nilitaka uwe palepale, saa ileile. Nitanyoosha mkono mpaka ukucha uguse wingu, nitashinda, na nitamwambia mbele ya watu maneno yake yeye. Nilikuwa nayasema peke yangu nikiendesha gari. Nilijaribu kuyasema kwa sauti ya juu, nikajaribu kwa upole. Kwa upole yalikuwa yanauma zaidi.

Msimu wa korosho ulipokuwa unaishia nikaanza kuona mambo. Mwalimu alikuwa mtu wa kufagia uwanja wake alfajiri. Sasa alifagia saa sita. Koti alilitupia mabegani bila kuingiza mikono. Akitaka kuinuka kwenye benchi alijisukuma kwa viganja, anasimama kidogo ameinama, halafu ndiyo anaondoka. Watu walisema mwalimu kazeeka, mwalimu ana baridi. Wakampelekea mafuta ya kuchua.

Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa mtu mmoja katika kijiji kizima aliyejua, na aliyejua ni mimi wa darasa la tano. Daktari alikuwa ameniambia wapo wengi huko vijijini, wazee wanaoitwa wa baridi mpaka wanazikwa nayo. Nikakumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akitambaa asubuhi mpaka jikoni na watu wakimwita mvivu. Nilipaswa kuvuka njia tu nikamwambie mwalimu. Sikuvuka. Nililiatamia lile jina refu kama kuku. Asubuhi nilitoka kwa makusudi nikamtazama akihangaika na kifungo cha juu, nikawasha mashine, nikapiga mluzi.

Mke wangu hakuchelewa kugundua. "Si ugonjwa wako ule?" akaniuliza. Nikamjibu mimi siyo daktari. Akasema, "Nilipokuwa nakuvalisha mimi ulikuwa unalia, mzee wangu. Nilinyamaza tu." Akaingia ndani. Hakulirudia tena, na chakula siku ile kilikuwa hakina chumvi.

Ilikuwa miezi mitatu. Sitasema najuta. Nasema idadi yake tu, kwa sababu naijua.

Asubuhi moja mwalimu akaja mashineni na mahindi yake kwenye ndoo, ameikumbatia kwa mikono miwili kwa kuwa kichwani hakuweza kuibeba. Akaniomba nisage laini kabisa, uji ndio anaoweza siku hizi. Nikamuuliza meno yamekwisha? Akasema meno yapo. "Taya ndilo linachoka. Natafuna muhogo mara tatu, napumzika." Alikuwa amejishika panja la kulia. Nikamuuliza na kichwa. Akasema kinauma hapo, hata kofia havai, na jana jicho lile la kulia liliingia giza kama mtu kashusha pazia, kisha likarudi. Alisema kama mtu anayesimulia jogoo kutoroka.

Nikazima mashine. Tangu nimeinunua sijawahi kuizima na mahindi ya mtu yakiwa ndani.

Nitasema ukweli wa kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu watu hapa wamenisifu kwa wema ambao haukuwepo. Sikumhurumia. Niliwaza mkutano. Niliona mkono wangu uko juu, watu wanashangilia, na mwalimu amekaa mbele amegeuzia uso upande ambao siko. Kipofu unamlipizaje? Nimengoja miaka arobaini na minne anione, halafu aje kukosa macho mwezi wa tatu, mimi nikiwa na uchaguzi wa mwezi wa saba? Hapana.

"Mwalimu, panda gari."

"Kwenda wapi?"

"Ruangwa."

"Na unga wangu?"

"Unga hauna miguu. Panda."

Hakuweza kupanda lori mwenyewe. Nilimsukuma matako mpaka akaingia, na watu wakaona. Njiani akaniuliza kwa nini namfanyia hivi. Nikamwambia ili mwezi wa saba aone vizuri ninavyomshinda. Akaanza kucheka, taya likamkatalia, akalishika. "Basi kanyaga mafuta," akasema.

Daktari alikuwa yuleyule. Nilimsimulia mimi kabla mwalimu hajafungua mdomo: mabega tangu mwezi wa kumi na mbili, taya, panja, jicho. Dawa ya nguvu alimpa saa ileile, hata majibu ya damu hayajatoka, na akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kwa ajili ya macho. Akauliza nani aliyegundua. Nikasema mimi. Akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia darasa la tano, na huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Mwalimu alitazama sakafu. Siku ile tu ingetosha kwa mtu mwingine. Kwangu haikutosha.

Alirudi baada ya wiki tatu, jicho linaona. Akaanza kufagia alfajiri tena. Asante hakunipa, na mimi sikuitaka. Asante ingeniharibia.

Mwezi wa saba ukafika, saa mbili asubuhi, baridi kali, watu wamejikunyata. Tukagombea tena wawili. Koti la manyoya nililiacha nyumbani. Mtendaji akaanza safari hii na mwalimu: wanaomtaka wanyooshe mikono. Ikapanda. Nikamtazama mwalimu. Amekaa mbele, mikono kwenye magoti, ananitazama. Hakunyoosha. Thelathini na tisa.

Mtendaji akaita wanaonitaka mimi. Wangu ulifika juu kabla hajamaliza kusema, na wa pili ukaufuata, ingawa wa pili hauhesabiwi. Nikasikia watu wananong'ona. Mwalimu alikuwa amenyoosha wa kwake. Umenyooka kabisa, kiwiko hakina kona, kama anamwonyesha daktari. Arobaini na tano, na mmoja wao ni yeye.

Nilikuwa na maneno yangu. Mwaka mzima nilikuwa nayo, na sasa yalikuwa hata kweli: hata mwenyewe hajipigii kura. Yangetoka tu. Lakini utamwambiaje hivyo mtu aliyekupigia wewe? Alikuwa ameninyang'anya kisasi changu, mchana kweupe, mbele ya kijiji, na macho yake yote mawili niliyomponyesha mimi yalikuwa yananitazama yakingoja.

Nikafungua mdomo hivyohivyo. Nilitaka niseme chochote, hata tusi.

"Sema, mwenyekiti," mwalimu akasema. "Ila nyoosha mkono kwanza."

Kijiji kizima kilicheka, na mtendaji naye. Mimi nilikuwa nimesimama nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na nilipotaka kujibu nikakuta mkono umeshapanda wenyewe, hauumi hata kidogo, uko juu kabisa unangoja kuchaguliwa.